Ndege ya Beaver si mkweche

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu sentensi moja tu iliyokuwa katika makala yenu ya karibuni kuhusu ndege zinazoruka kwa umeme. Mwandishi alieleza vizuri habari za betri na mota, na hapo sina ugomvi naye. Lakini alipofika kwenye ndege yenyewe alisema mota hiyo ilifungwa kwenye mkweche wa miaka ya hamsini, na kwamba ndege za umri huo zilipaswa kuwa zimeshaondolewa angani zote. Ndege anayoisema ni de Havilland Canada DHC-2 Beaver, ndege ndogo ya injini moja. Nimekuwa fundi wa ndege mpaka nilipostaafu, na ujana wangu mwingi uliishia kwenye injini ya aina hiyo, mikono ikinuka oili hata siku ya mapumziko. Nikilinyamazia neno hilo nitakuwa sijaitendea haki.

Kwanza wasomaji waijue ilikotoka. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, kiwanda cha de Havilland cha Downsview, Toronto, kilikuwa kimeunda ndege za kivita za Mosquito zaidi ya 1,000, na ghafla hakuna aliyezihitaji tena. Mwaka 1946 wakarusha Chipmunk, ndege ndogo ya kufundishia marubani, kisha wakawageukia wateja waliokuwa karibu nao: marubani wa porini wa kaskazini mwa Kanada. Hao ni watu waliokuwa wakibeba barua, wagonjwa, wachimbaji madini na mapipa ya mafuta kwenda kwenye maziwa na misitu isiyo na barabara wala uwanja. Mkuu wa mauzo wa kiwanda alikuwa Punch Dickins, naye mwenyewe alikuwa rubani wa porini mwenye jina kubwa. Alichofanya Dickins ndicho kilichoijenga Beaver. Aliwaandikia marubani na wenye ndege akawauliza wanataka ndege ya namna gani.

Majibu yao yalikuwa ya watu wa kazi. Wanataka nguvu, ndege iinuke kwa mbio fupi ikiwa na mzigo. Wanataka ikubali magurudumu, maboya ya kutulia majini, na ski za theluji, kwa kuwa ndege hiyohiyo itafanya kazi mwaka mzima. Wanataka mwili wote wa bati la aluminiamu, maana mbao na kitambaa vikilala nje kwenye mvua na barafu haviishi kuoza. Wanataka milango mipana pande zote mbili. Kuhusu mwendo hawakusumbuka. Inasimuliwa hadi leo kwamba mmoja wao alijibu kuwa ndege ikiweza kuipita sleji ya mbwa, imetosha.

Wahandisi Fred Buller na Dick Hiscocks, pamoja na W. J. Jakimiuk aliyetoka Poland, na meneja wao Phil Garratt, waliyachukua majibu hayo kama amri. Mchoro wa mwanzo ulikuwa na injini ya Kiingereza, Gipsy Queen, ambayo nguvu yake haikufikia mahitaji ya watu wale. Wakaiacha. Wakachukua Pratt & Whitney R-985 Wasp Junior ya Marekani, silinda 9 zilizopangwa kwa mduara, nguvu farasi 450. Vita vilikuwa vimeacha injini hizo nyingi ghalani na bei yake ilikuwa nafuu. Tarehe 16 Agosti 1947, Russ Bannock, aliyekuwa rubani wa Mosquito wakati wa vita, aliirusha Beaver ya kwanza hapo Downsview. Mwaka uliofuata, idara ya ardhi na misitu ya jimbo la Ontario ilianza kuzipokea kwa kazi ya kulinda misitu na moto.

Mimi naomba nikae kidogo kwenye vitu ambavyo abiria hawavioni, kwa sababu ndivyo vinavyonifanya niiheshimu ndege hii.

Chukua mlango wa nyuma. Upana wake umepimwa kwa pipa la mafuta, lile la lita 200. Unaliegemeza ubao, unalilaza, unalisukuma kwa magoti, linaviringika mpaka ndani. Watu wawili wanatosha, na mmoja mwenye akili ataweza peke yake. Rubani ana mlango kulia na kushoto, kwa sababu ndege iliyo juu ya maboya haichagui upande itakaoegeshea gati, na mwenye kurukia gati na kamba mkononi ni rubani huyohuyo. Matangi ya mafuta yapo tumboni, chini ya sakafu, na mifuniko yake iko ubavuni kushoto, kimo cha mtu aliyesimama. Aliyewahi kujaza mafuta akiwa amepanda juu ya bawa lenye barafu au umande, huku ndege inayumba majini, ataelewa ni neema gani hiyo.

Halafu kuna oili. Injini za mduara zinakunywa oili, na hilo kila fundi analijua. Kwenye Beaver mdomo wa tangi la oili umewekwa ndani ya chumba cha rubani, karibu na mguu wa aliyekaa kulia, hata angani mtu anaweza kufungua mfuniko na kuongeza. Kule kwenye baridi kali ilikuwa desturi kuimwaga oili jioni ikiwa bado ya moto, kulala nayo ndani, na alfajiri kuipasha jikoni kabla ya kuirudisha. Ukiwa na mdomo wa tangi mahali pale huhitaji ngazi wala huhitaji kufungua kifuniko cha injini na vidole vilivyokufa ganzi. Mchoraji aliyekaa ofisini asingelifikiria hilo bila kuambiwa na mtu aliyekwishaganda vidole.

Mabawa nayo yana siri yake. Rubani anapozishusha flapu, yaani vipande vya nyuma ya bawa vya kusaidia kuruka na kutua, anazipiga pampu kwa mkono, na vibawa vya pembeni vya kuinamisha ndege navyo vinashuka kidogo pamoja nazo. Bawa zima linageuka kuwa bawa la mwendo wa pole, na ndege yenye mzigo inaweza kupita juu ya kizuizi cha mita 15 ikiwa imetumia mita 300 hivi tangu ilipoanza kukimbia. Kwa ndege ya tani 2 na robo, ya mwaka 1947, si jambo dogo.

Nieleze na uamshaji wa asubuhi, maana ndipo mtu anapojulikana kama ni fundi au la. Injini ya mduara ikilala usiku, oili inateremka taratibu na kujikusanya kwenye silinda za chini. Ukifika asubuhi ukabonyeza stata bila kujali, pistoni inapanda ikiisukuma oili ambayo haikubali kubanwa, na fimbo ya pistoni inapinda. Pengine haitavunjika siku hiyo. Itavunjika wiki ya tatu, ndege iko juu ya maji na watu sita ndani. Kwa hiyo kwanza unahakikisha magneto, yaani vyombo vinavyozipa plagi umeme wa cheche, zimezimwa, unashika pangaboi kwa mikono miwili, unalizungusha polepole, unasikiliza kwa viganja. Likigoma, huligombezi. Unafungua plagi za silinda za chini, unaacha oili itoke yote kwenye kopo, unafunga, unaanza upya. Nilifundishwa hivyo na mzee mmoja aliyekuwa haongei sana kazini, na yeyote aliyejaribu kulilazimisha pangaboi mbele yake aliondolewa kwenye ndege siku hiyo.

Historia yake ya kazi ni ndefu na mwandishi wenu ameiruka yote. Mwanzoni mauzo ya kiraia yalikwenda pole. Kilichokiokoa kiwanda ni jeshi la Marekani, ambalo baada ya kuijaribu lilinunua Beaver zaidi ya 900, likaziita L-20, na kuanzia 1962 jina likawa U-6A. Zilikwenda Korea, zikabeba majenerali, majeruhi na barua. Baadaye zikaonekana Vietnam. Uingereza nayo ilizichukua kwa jeshi lake la nchi kavu. New Zealand zilinyunyiza mbolea kwenye malisho ya milimani. Katika msafara wa Antaktika wa nchi za Jumuiya ya Madola, Beaver ya New Zealand ilisaidia kupeleka shehena kwenye maghala ya njiani, na Edmund Hillary akafika Ncha ya Kusini kwa matrekta tarehe 4 Januari 1958. Na kwa wasomaji wetu wa Afrika Mashariki: Jeshi la Anga la Kenya lilipoundwa Juni 1964 lilianza na Chipmunk na Beaver, zote mbili zilibuniwa Downsview.

Mwishoni mwa 1963 ilirushwa Turbo Beaver yenye injini ya tabo, isiyo na pistoni, aina ya PT6, ndege nzuri sana, lakini zikatoka 60 tu, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimeshahamishia nguvu zake kwenye Twin Otter, ndege yake kubwa zaidi ya injini mbili. Mwaka 1967 uundaji ukasimama, Beaver zaidi ya 1,600 zikiwa zimetoka. Zile za jeshi la Marekani zilipouzwa kama mabaki, mafundi wa Kanada, Alaska na jimbo la Washington walizinunua, wakazifumua mpaka mbavu, wakabadilisha kila kilicholiwa na kutu, wakazisuka upya. Nyingi kati ya Beaver zinazobeba watalii na wavuvi leo zimepitia mikono ya namna hiyo, nyingine mara kadhaa. Mwandishi akiita ndege kama hiyo ya mwaka fulani, ni mwaka wa nini anaousema? Bamba la namba ni la 1955. Bawa, nyaya, injini, kioo na viti vina umri wake mwingine kila kimoja, na umri huo umeandikwa.

Sasa nisije nikadhaniwa natetea kila kitu. Beaver imeua watu, na imeua kwa njia ambazo zinanikosesha raha hata sasa.

Tarehe 29 Novemba 2009, Beaver ya maboya ilianguka majini Lyall Harbour, kisiwa cha Saturna, British Columbia. Walikuwemo watu 8 na 6 walikufa. Milango miwili kati ya minne ilikuwa imekwama, na waliokufa walizama wakiwa ndani. Ile milango niliyoisifu hapo juu, iliyopimwa kwa pipa, hakuna aliyekuwa ameipima kwa mama aliyepinduliwa kichwa chini ndani ya maji ya baridi akimtafuta mtoto. Bodi ya uchunguzi wa ajali ya Kanada ilipendekeza ndege za maboya ziwe na njia za kutokea haraka, na abiria wavae maboya ya kuokolea wakati wote wa safari. Kampuni ya Viking Air, ambayo mwaka 2006 ilichukua hati za uundaji wa ndege hizi, ikatengeneza madirisha yanayosukumika nje na vitasa vipya vya milango. Vinafungwa kwenye Beaver ya mwaka wowote.

Agosti 2015, Les Bergeronnes katika jimbo la Québec, Beaver ya watalii iliinamishwa sana kwenye kona ikiwa chini, mabawa yakakosa nguvu ya kuibeba, wote 6 wakafa. Ndege ile haikuwa na king'ora cha kumwonya rubani kwamba mabawa yanakaribia kuishiwa, wala sheria haikuwa imedai kiwepo. Bodi ikapendekeza Beaver zote za biashara Kanada ziwe nacho.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi kama fundi. Tarehe 31 Desemba 2017, karibu na Sydney, Australia, Beaver ilianguka Jerusalem Bay, rubani na abiria wake 5 wakafa. Uchunguzi ulikuta damu ya rubani ina monoksidi ya kaboni, ile hewa ya sumu ya moshi isiyo na rangi wala harufu. Bomba la mduara linalokusanya moshi wa silinda lilikuwa na nyufa. Na kwenye ukuta wa kuzuia moto kati ya injini na watu, bolti za vifuniko vya magneto hazikuwepo, zikaacha matundu. Moshi ukapita hapo. Ndani kulikuwa na kadi ndogo ya kubadilika rangi hewa hiyo ikiingia, kitu ambacho rubani lazima akumbuke kukitazama, na mtu anayelewa kwa hewa hiyo ndiye wa mwisho kukumbuka. Wachunguzi wakataka vipimo vinavyolia vyenyewe.

Nimezishika bolti hizo. Ni ndogo, zinaingia mfuko wa shati. Huzioni mpaka ulale chini ya dashibodi na tochi mdomoni, na ukiwa na haraka unajiambia zipo kwa sababu kifuniko hakichezi. Ndege ile ilikuwa ya mwaka 1963. Ingekuwa ya mwaka juzi, matundu yaleyale yangepitisha moshi uleule. Ndiyo maana nakataa kabisa mwaka wa kuundwa uwe ndio kipimo. Ukizuia ndege zote zilizopita miaka 40, utakuwa umeiondoa iliyosukwa upya mwaka jana na kuoshwa chumvi kila jioni, na kuiacha ile changa ambayo kitabu chake cha matengenezo kimejazwa na mtu aliyekaa mezani.

Na vitabu vya kujazwa mezani vipo. Mwenye ndege mmoja aliwahi kunitaka nitie sahihi kwamba nimekagua ekzosi, ilhali kifuniko cha injini hakijafunguliwa na abiria wameshapanga mizigo. Nilimwambia nitafungua kwanza. Akanikumbusha nani anayenilipa. Nilifungua. Abiria walisubiri juani, wengine walininung'unikia usoni, na safari ikaondoka saa sita mchana badala ya saa tatu asubuhi. Sikumfanyia kazi tena mtu huyo baada ya msimu ule, na sikujuta. Kinga ya abiria ni fundi anayeweza kusema hapana na bado akawa na kazi kesho yake, na habari za namna hiyo magazeti hayaziandiki, kwa kuwa siku hiyo ndege haikuanguka.

Kwa hiyo namwomba mwandishi wenu, na wengine wanaoandika habari za ndege ndogo, waache kuanza na mwaka. Waulize injini ina saa ngapi tangu ilipofumuliwa. Waulize kama kuna kipimo cha hewa ya sumu kinacholia. Kama ni ya maboya, waulize madirisha yanasukumika, na kama abiria wameonyeshwa namna ya kutoka ikipinduka. Mwenye ndege mwaminifu atawajibu papo hapo na kuwafungulia kitabu. Asiyeweza kujibu, hiyo ndiyo habari ya kuandika.

Nimalizie na hiyo ndege ya umeme yenyewe. Tarehe 10 Desemba 2019, kwenye mto Fraser huko Richmond, British Columbia, Greg McDougall wa shirika la Harbour Air aliirusha Beaver yenye umri wa miaka zaidi ya 60 ikiwa na mota ya kampuni ya magniX ya nguvu farasi 750. Ilikaa hewani dakika chache na kutua salama. Mwandishi aliona ajabu kwamba walichagua ndege ya zamani. Mimi nadhani walichagua vizuri. Pua yake imezoea kubeba injini nzito, tumbo ni pana, mabawa yanasamehe mwendo mdogo, na hakuna tabia yake ambayo marubani hawajaijua kwa miaka 70. Ukijaribu mota mpya, unataka kilichobaki chote kiwe kinajulikana.

Siku wakianza kubeba abiria kwa mota hiyo, ningependa gazeti lenu litume mtu akaulize. Betri zimekaa wapi sasa kwa kuwa tumboni palikuwa pa mafuta, na uzito wake umeiacha ndege na nafasi ya watu wangapi? Zikilowa maji ya chumvi inakuwaje? Akawaulize na mafundi wanaozihudumia, si wakubwa wa kampuni peke yao. Nikiisoma habari hiyo nitafurahi sana, nami nitaandika tena.

Wako msomaji,
Fundi mstaafu wa ndege